Kiti cha mtoto kisicho na muziki

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na baba siku 4. Ukizihesabu, unarudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu hivi. Shingo ndiyo kwanza inakaza, kukaa bado, na tayari hataki kulazwa tu atazame dari. Mimi nimekulia kambini Jinja, baba yangu akiwa askari, na kwetu mtoto hakuwa na shida hiyo, maana alihama kutoka mgongo wa dada huyu kwenda wa dada yule mpaka jioni. Hapa Kireka ninapoishi sasa tuko nyuma ya geti letu, mimi na dada anayenisaidia, na dada huyohuyo ndiye anayepika, anafua na kuteka maji bomba likikauka. Kwa hiyo nilipojifungua mara ya pili, nikaenda kutafuta kiti cha kudunda, kile cha fremu ya chuma na kitambaa, chenye upinde wa vitu vya kuchezea juu yake.

Nilianzia Kikuubo, mtaa wa maduka katikati ya Kampala, na huko nilikosea. Mwenye duka alikiwasha kiti mbele yangu: taa za rangi, nyimbo kumi na mbili, mtetemo wa betri, vidubwana vinazunguka. Nikalipa. Nyumbani mtoto alikitazama dakika chache, akageuza uso pembeni, akaanza kulia. Nilidhani ana njaa. Siku ya tatu nikazima muziki, naye akatulia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto wa umri ule akichoka na kelele hana pa kwenda, amefungwa mkanda. Kugeuza uso ndiko kuondoka kwake, na mimi nilikuwa namrudishia uso kwenye taa nikidhani namchangamsha. Jambo hili bado linaniuma.

Kile kiti nikampa binamu yangu, baada ya kukitoa betri, nikaenda soko la Owino kutafuta cha mivumba, yaani kilichokwisha tumika. Nikapata cha waya mmoja uliopindwa, kitambaa cha kijivu kilichofifia, na kamba yenye shanga tatu za mbao. Hakina pa kuweka betri. Mtoto alipiga teke, kiti kikapanda na kushuka. Akanyamaza, macho yamemtoka. Akapiga tena. Baada ya siku chache alikuwa anajua kabisa kwamba mguu wake ndio unaoleta ule mwendo, na furaha aliyokuwa nayo sikuiona hata mara moja kwenye zile nyimbo kumi na mbili. Ndiyo maana nawaambia wenzangu: mtoto wa miezi mitatu au minne anachezeshwa na teke lake mwenyewe. Kiti kinachojitikisa kwa mota kinamnyang'anya kitu pekee anachoweza kukifanya.

Dukani usiangalie upinde kwanza. Kiweke kiti chini, kikandamize kwa kiganja mahali makalio yatakapokaa, kisha uachie. Kinapaswa kupanda na kushuka taratibu mara mbili tatu, halafu kitulie. Kisipocheza kabisa, mguu wa mtoto hautakiweza. Kikiteleza kwenye sakafu, tafuta chenye mpira miguuni, kwa sababu saruji zetu zilizopigwa rangi nyekundu huteleza sana. Mkanda upite katikati ya mapaja, wala usitosheke na ule wa kiunoni peke yake. Kitambaa kivuliwe chote, kwani kwa vumbi la Kampala na maziwa yanayocheuliwa utakifua kila wiki. Uzito unaoruhusiwa huandikwa kwenye lebo, na vingi vya aina hii huishia kilo 9.

Hapo kwenye lebo ya mivumba nataka nikae kidogo. Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price ya Marekani iliviondoa sokoni vitanda vyake vya mwinamo vya Rock 'n Play, karibu milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 kuripotiwa. Mwaka 2022 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kupiga marufuku vitanda vya mwinamo vya watoto wachanga. Lakini robota la mivumba likishafungwa, hakuna anayekagua kama kilichomo kilikatazwa kilikotoka. Soma jina kwenye lebo, litafute kwenye simu pamoja na neno "recall", yaani kuondolewa sokoni, kabla hujatoa pesa. Na hata kiti kizuri kabisa si kitanda. Mtoto akisinzia akiwa ameinama, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa, naye hana nguvu ya kuinua kichwa. Akisinzia, mtoe, mlaze chali mahali pa bapa, ushushe neti. Dada alinijibu, "Mama, nikimtoa ataamka." Nikamwambia aamke tu.

Tena kiti kikae chini daima. Juu ya meza, kila teke linakisogeza ukingoni.

Vile vigari vya magurudumu vya kutembelea sitavinunua. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004, na mtoto anayesukumwa na magurudumu hufika kwenye sigiri, jiko la mkaa, kabla yako.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Masaka, akakitazama kiti changu kwa muda mrefu. "Mwanangu, hiki kinamfunga," akasema. Akatandika mkeka, akamlaza mtoto kifudifudi, akakaa mbele yake na gauni lake la gomesi huku akipiga makofi polepole. Mtoto aliinua kichwa, akaanguka, akainua tena. Miezi miwili baadaye alileta beseni pana, akalijaza blanketi pembeni, akamkalisha humo. Niliona aibu kidogo, kwa sababu alisema kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, na unataja hata mgongo wa mlezi, huku ukitaka alale kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa. Mama hakuusoma popote.

Sikukitupa kiti. Yeye alikuwa na siku nzima na mtoto, mimi nina basi la saa kumi na mbili na nusu. Tukakubaliana na dada: dakika kumi na tano wakati anasonga posho, nyingine wakati anaanika nguo, na saa zilizobaki mkeka. Mtoto alipofikisha miezi sita akaanza kujikunja mbele, anavuta mkanda atoke, nikajua muda wake umekwisha. Jirani yangu wa chini amejifungua mwezi uliopita. Nimekifua, nimefunga upya ile kamba ya shanga tatu, na nimempelekea pamoja na mkeka.