Wale wauguzi hawakukosa nidhamu

Makala inasema wahudumu waliotoka wodi ya Ebola kabla ya zamu kwisha walikosa nidhamu. Jamani, hapana! Nilikuwa muuguzi Beni, Kongo, mwaka 2019, nimeivaa ile suti: ovaroli isiyopitisha maji, aproni, glavu jozi mbili, barakoa, miwani, gambuti. Kinachozuia kirusi kuingia ndicho kinachozuia joto kutoka. Jasho linatiririka lakini halikauki, kwa hiyo halikupoozi hata kidogo. Linashuka mpaka kwenye buti. Kunywa maji humo ndani huwezi. Ikifika dakika 40 hivi miwani imejaa ukungu, kichwa kinagonga, na mkononi umeshika sindano. Ukijilazimisha kubaki, utakuja kuivua suti huku una kizunguzungu, na kuivua ndiyo hatua ya hatari kuliko zote.

Kilichotusaidia ni kuingia wawiliwawili, mwenzako akikuangalia, na vile vyumba vya plastiki angavu vya ALIMA, shirika la misaada ya tiba, ambavyo unamhudumia mgonjwa ukiwa nje, kwa mikono ya glavu iliyounganishwa ukutani. Mwandishi, ungewauliza kwanza zamu yao ilikuwa ya muda gani, na kama walikuwa na kivuli cha kupumzikia.