Kasi imepungua, bei ziko pale pale

Kuna mwandishi anayesema mfumuko wa bei umeshuka, kwa hiyo wananchi watarajie unafuu wa bei. Hapana, ndugu yangu. Kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Fahirisi ya bei, yaani namba inayopima gharama ya kapu la bidhaa, ikitoka 100 hadi 110 mwaka wa kwanza, kisha 113 mwaka wa pili, mfumuko umetoka asilimia 10 hadi chini ya 3, lakini wewe bado unalipa 113. Ile 100 pengine hairudi tena. Halafu kapu la bidhaa linalopimwa ni la kaya ya wastani. Anayemaliza nusu ya kipato kwenye kodi ya nyumba, na kodi ndiyo iliyopaa, ataona takwimu zinamdanganya, kumbe uzito tu, yaani sehemu ya matumizi inayopewa kila bidhaa kwenye kapu, umetofautiana na wake.

Na wanaoomba bei ziporomoke kweli kweli, watazame Marekani ya 1929 hadi 1933. Bei zilianguka kwa karibu robo, ajira na mishahara navyo vikaanguka, ila madeni ya benki yakabaki na tarakimu zile zile. Mkulima aliyekopa alilazimika kuuza mazao mengi zaidi kulipa deni lile lile. Mchumi Irving Fisher aliueleza mtego huo mwaka 1933, baada ya yeye mwenyewe kufilisiwa na soko la hisa!