Arrian na shahidi aliyekuwa mfalme

Kila nikifungua kitabu cha Arrian kuhusu vita vya Aleksanda Mkuu, ukurasa wa kwanza hunichekesha. Hapo anaeleza kwa nini amemwamini Ptolemy, mmoja wa majemadari wa Aleksanda, kuliko waandishi wengine. Ptolemy alikuwepo vitani. Aliandika Aleksanda akiwa ameshakufa, kwa hiyo hakuwa na wa kumwogopa wala wa kumtuza. Tena baadaye alikuwa mfalme wa Misri, na mfalme akidanganya aibu yake ni kubwa kuliko ya mtu wa kawaida. Aliyewahi kusikiliza hotuba ya mkubwa yeyote ataguna hapo.

Lakini huyu ndiye tuliye naye. Kitabu cha Ptolemy kimepotea, na cha Aristobulus, shahidi wa pili wa Arrian, vilevile. Arrian mwenyewe alikuwa Mgiriki wa Nikomedia, mji ambao leo ni Izmit nchini Uturuki. Alisoma kwa mwanafalsafa Epictetus, akaingia katika utumishi wa Roma na kufika ugavana wa Kapadokia, jimbo la Roma lililokuwa katika Uturuki ya leo, chini ya Kaisari Hadrian. Aleksanda alifia Babeli mwaka 323 KK, karne nne na ushei kabla yake. (Watu wa pwani yetu wana jambo lao na jina hili. Ile Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa kale wa mabaharia unaotaja Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, na bandari yake ya Rhapta, imehifadhiwa katika mswada wa karne ya 10 pamoja na maandishi ya Arrian juu ya Bahari Nyeusi, na ikabandikwa jina lake. Si yake hata kidogo.)

Wanaomshuku Ptolemy wana ushahidi mzuri, na mzuri kupita wote ni wa Thebe. Mji huo wa Ugiriki ulimwasi Aleksanda mwaka 335 KK, ukatekwa, ukabomolewa, na watu wake wakauzwa utumwani. Nani alianzisha shambulio? Kwa kumfuata Ptolemy, Arrian anasema ni jemadari Perdiccas, aliyevamia boma bila kungoja amri. Mwanahistoria Diodorus, aliyeandika kabla ya Arrian, anasema Perdiccas alitumwa na Aleksanda mwenyewe. Sasa ukumbuke yaliyofuata baada ya Aleksanda kufa: Ptolemy aliunyakua mwili wake na kuupeleka Misri, Perdiccas akamfuata na jeshi, akauawa na maofisa wake mwenyewe kule Nile. Shahidi anamsimulia hasimu wake aliyekwisha kufa, na masimulizi hayo yanamwosha mikono bwana wao wote wawili. Hakimu yeyote angeuliza swali hapo. Arrian haulizi.

Nilikuwa tayari kumtupa Ptolemy kwa hilo, mpaka nikafika kwenye kisa cha Wamalli, huko bara Hindi. Aleksanda aliruka ndani ya ngome akiwa na watu wachache mno, akachomwa mshale kifuani. Waandishi wengi walidai kwamba Ptolemy alikuwa pale, akamkinga kwa ngao, ndipo akaitwa Mwokozi. Arrian anaikata hadithi hiyo kwa hoja moja: Ptolemy mwenyewe ameandika kwamba hakuwepo, siku hiyo alikuwa akipigana mahali pengine. Mtu anapewa sifa ya bure, naye anairudisha. Si kila mfalme angefanya hivyo.

Basi Ptolemy ni mkweli au mwongo? Nadhani swali limekaa vibaya, na kwa hili Arrian anatusaidia zaidi ya alivyokusudia. Kanuni yake ni kwamba mashahidi wake wawili wakikubaliana, huo ni ukweli, wakitofautiana, atachagua. Lakini mara kadhaa anatuonyesha mgongano wenyewe. Jeshi lilipopotea jangwani likielekea hekalu la mungu Amoni huko Misri, Aristobulus anasema kunguru wawili ndio walioliongoza. Ptolemy, yule mwenye kuona aibu ya kudanganya, anasema ni nyoka wawili waliokuwa wakitoa sauti. Callisthenes, mwandishi wa msafara, alikufaje? Aristobulus anasema alifungwa minyororo akafa kwa ugonjwa. Ptolemy anasema aliteswa akanyongwa. Arrian anashangaa wazi kwamba watu wawili wa kuaminika, waliokuwepo, hawapatani juu ya jambo lililojulikana na wote. Halafu anaendelea na safari.

Mimi namwamini kwa ajili ya mshangao huo kuliko kwa ile hoja ya wafalme. Nalipenda pia neno analolitumia sana, ambalo wanahabari wetu wanalijua vizuri: inasemekana. Huko Gaugamela, mwaka 331 KK, inasemekana Waajemi walikuwa na askari wa miguu milioni moja, na inasemekana waliokufa ni 300,000. Waliokufa upande wa Aleksanda anawaweka kwenye 100 hivi. Ananawa mikono, lakini hesabu ameiacha kitabuni, na imenukuliwa tangu hapo. Hapo simwachilii. Mtu aliyeongoza majeshi alijua ni vigumu kiasi gani kulisha watu 20,000 kwa siku moja.

Maana yeye hakuwa mtu wa maktaba tu. Mnamo mwaka 135 BK, Waalani, wapanda farasi wa kaskazini, walipotishia Kapadokia, Arrian aliandika mpango wa kuwakabili, na sehemu yake tunayo. Wenye mikuki wakae mbele, ncha zielekezwe kwenye vifua vya farasi. Watu wakae kimya mpaka adui afike karibu, kisha wote wapige ukelele wa kutisha. Ukiusoma ndipo unaelewa kwa nini kurasa zake za mito na milima, nani kulia na nani kushoto, zinasomeka vizuri kuliko kurasa zake za fitina za kambini.

Kilichotokea na Waalani hatuambiwi na yeye. Tunaambiwa na Cassius Dio, mwanahistoria Mgiriki aliyetumikia Roma, naye wa Bithinia, jimbo lenye Nikomedia ya Arrian, na kwa maneno machache tu: waliondoka kwa sababu mfalme wa Waparthi, waliotawala Uajemi wakati huo, aliwapa zawadi, na kwa sababu walimwogopa gavana wa Kapadokia. Ni zawadi zaidi au ni woga zaidi, Dio hasemi.