Robo Tatu ya DVD Ilibaki Tupu

Bibi mzaa mama tulimzika Muheza, na juu ya jeneza iliwekwa picha iliyotolewa kwenye kitambulisho chake cha mpiga kura. Amenuna. Siku ile ya kujiandikisha alisimama foleni tangu alfajiri, na kijana mwenye kamera alipomwambia atazame mbele, alimtazama kweli kweli. Watu waliotoka mbali kuja kuzika, wasiomfahamu vizuri, lazima walidhani tunamzika mwanamke mkali.

Na picha nzuri tulikuwa nayo. Ilipigwa mwaka 2009, siku ya jubilei ya miaka 50 ya ndoa yake na Babu. Amesimama mlangoni kwa kanisa na kitenge cha bluu, anacheka mpaka pengo lake la juu linaonekana. Picha hiyo ipo hadi leo ndani ya DVD ya slaidi, yaani picha zilizopangwa zipite moja moja kama video yenye muziki, ambayo kila mtoto wake alipewa nakala. Siku ya msiba nilikimbia nayo stesheneri. Kijana wa pale akaiweka kwenye kompyuta, akaisimamisha Bibi alipotokea, akaikamata picha kwenye skrini na kuikuza ifike karatasi kubwa ya A3. Ikatoka ukungu mtupu. Na juu ya ukungu, vipepeo viwili vya zambarau, na neno “Hongera” la rangi ya dhahabu likikatiza shavu lake la kushoto. Mpiga slaidi alikuwa amevitia vipepeo kama pambo. Huwezi kumwondolea mtu kipepeo kilichoshachomwa naye.

Tukarudi kwenye kitambulisho.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na slaidi za picha, lakini ni ugomvi wa mtu na ndugu yake. Nazipenda. Nimezitengeneza mwenyewe nyingi tu, za harusi, kipaimara, hata moja ya kumuaga mwalimu mkuu aliyestaafu. Ninachogombea ni kitu kimoja: tuliaminishwa kwamba slaidi ikishachomwa kwenye DVD, picha zimehifadhiwa. Hazikuhifadhiwa. Zilionyeshwa tu.

Hesabu yenyewe haihitaji ufundi. DVD ya video kwa mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wa televisheni zetu, ina picha ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 720 kwa 576. Zidisha: ni pikseli 414,720, hata nusu ya megapikseli (pikseli milioni moja) haifiki. Kamera ya 2009 yenye megapikseli 10 ilikuwa ikipiga karibu mara 24 ya hapo. Na Bibi alipigwa wima. Picha ya wima ikiingizwa kwenye skrini ya mlalo hubanwa isimame katikati, weusi huku na huku, kwa hiyo kilichobaki cha Bibi ni kama robo ya megapikseli. Sehemu moja ya arobaini. Ukitaka kuichapa vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, utapata picha ya urefu wa sentimita 5 hivi, yaani picha ya pasipoti iliyoshiba kidogo. Sisi tulitaka A3.

Hapo bado hujahesabu kwamba DVD huibana video ili ichukue nafasi ndogo, kwa njia iitwayo MPEG-2, na kwamba mtengenezaji alimfanya Bibi asogee polepole kuelekea mtazamaji, ule mtindo wa kuikuza picha taratibu ili ionekane hai. Kwenye sebule, unapendeza. Kwa mtu anayetaka kuisimamisha picha na kuitoa, hakuna sekunde hata moja ambayo Bibi ametulia.

Basi nikasema labda nafasi ilikuwa ndogo. Nikaigeuza DVD nikaiangalia kwa chini, kwenye mwanga wa dirisha. Kama hujawahi kufanya hivyo, jaribu. DVD huchomwa kuanzia ndani kwenda nje, na sehemu iliyochomwa hubadilika rangi kidogo, inaiva kuliko nyingine. Ya jubilei ilikuwa na utepe ulioiva wa upana wa kidole hivi kuzunguka tundu la katikati, kisha nje yake yote mbichi, inang’aa kama siku iliyotolewa kwenye pakiti. Slaidi ile ilikuwa ya dakika 22. Kwa ubora wa juu wa DVD hiyo ni kama gigabaiti 1.3, na diski ni ya gigabaiti 4.7. Karibu robo tatu ya DVD ilibaki tupu! Kwa megabaiti 4 kila picha, pale pangeingia picha 850 kama zilivyotoka kwenye kamera, na deki isingekuwa na neno, kwa sababu yenyewe inatafuta folda ya video iitwayo VIDEO_TS tu na mengine inayapita. Sidhani kama siku ile zilipigwa hata 850.

Kwa hiyo si teknolojia iliyotunyima. Hakuna aliyeomba, na hakuna aliyefikiria kutoa.

Nilimtafuta aliyeitengeneza. Ni mtu mwungwana, sina sababu ya kumtaja, na kwa biashara ya wakati ule hakukosea lolote: mteja alilipia slaidi, akapewa slaidi. Akaniambia kompyuta ya zamani ilishakufa, ila hadi diski yake, ile ya ndani ya kuhifadhia mafaili, aliichomoa akaiweka. Tukaiunganisha. Faili la mradi wa jubilei tukalikuta! Nilishaanza kutabasamu. Likafunguka, na pale penye picha kukawa na vijiraba vya kijivu, kimoja baada ya kingine, karibu 200. Faili la mradi wa slaidi kwa kawaida halibebi picha. Linabeba maelezo: picha fulani ikae sekunde 5, iondoke kwa kufifia, na inapatikana kwenye folda fulani. Folda yenyewe ilishafutwa ili kupisha harusi za watu wengine. Tulichopata ni orodha ya wageni, wageni hawapo. Vipepeo, lakini, vilikuwepo. Viwili vyote, vikali, vinapepea juu ya kiraba cha kijivu.

Kuna jambo moja la zamani linalonifanya nione tulirudi nyuma bila kujua. Neno slaidi lilikuwa na maana ya kitu cha kushikika: kipande cha filamu cha milimita 24 kwa 36 kwenye fremu ya karatasi au plastiki, kinachopenyezwa mwanga na projekta. Kodak ilitoa projekta yake ya Carousel mwaka 1961, yenye sinia la duara la slaidi 80, ikaacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004. Ile slaidi iliyokuwa ukutani ilikuwa ndiyo filamu yenyewe iliyokaa ndani ya kamera siku ya tukio. Onyesho na asili vilikuwa kitu kimoja. Ukimaliza kuonyesha, unairudisha asili kwenye boksi. DVD ilipokuja ikavitenganisha hivyo viwili, ikatuachia onyesho, na sisi kwa sababu jina ni lile lile tukaendelea kuamini tumeshika asili.

Na hata hilo onyesho halikai milele. DVD ya filamu inayochapwa kiwandani ina vishimo halisi kwenye plastiki. Hizi tunazochoma wenyewe hazina vishimo. Leza hupasha joto tabaka la rangi ya kemikali, ikabadilika pale ilipopigwa. Rangi hiyo haipendi jua wala joto, na sisi DVD tunaziweka wapi? Juu ya televisheni, dirishani, kwenye dashibodi ya gari. Ya kwetu ilibandikwa na stika kubwa ya sura za Bibi na Babu, inapendeza sana, na baada ya miaka stika ikaanza kunyanyuka upande mmoja. Ukiiweka kwenye deki inanguruma kama mashine ya kusaga. Mama Mkubwa aliziandika CD zake zote kwa bolpeni akikandamiza, hajui kwamba kwenye CD data iko chini tu ya ule upande wa maandishi, ikilindwa na rangi nyembamba ya juu. Kwenye DVD angalau data iko katikati, kati ya plastiki mbili za milimita 0.6. Tulilinda upande unaong’aa, tukakwaruza ule wa juu.

Sasa niseme uzuri wake, maana nisije nikaeleweka nataka watu warudi kumwaga picha 900 kwenye folda na kuziacha.

Slaidi inalazimisha mtu akae chini achague. Hii ndiyo kazi hasa, na ni ngumu kuliko programu yoyote. Niliyofanya ya harusi ya mdogo wangu, picha zilikuwa mia saba na kitu, nyimbo zilikuwa mbili. Wimbo ukiisha, slaidi imeisha. Huo ndio mpaka, si gigabaiti. Dakika 8. Ukiweka 22, kama za jubilei, wageni wanaanza kuulizana habari za basi. Nikabakiza picha 90. Na ndani ya hizo 90 kuna siasa za ukoo ambazo mwanasiasa angezikimbia. Mama Mdogo alihesabu. Alikaa na kalamu akahesabu kwamba yeye katokea mara mbili na Mama Mkubwa mara saba, na katika hizo mbili, moja amefumba macho. Alinipigia simu, baada ya salamu akanyamaza muda mrefu, kisha: “Hivi mwanangu, mimi siku ile nilikuja au sikuja?”

Tangu hapo ninazo kanuni zangu. Kabla ya mapambo, nahakikisha kila mzee katokea akiwa amefumbua macho. Mpito natumia mmoja tu, kufifia. Sitaki picha igeuke mchemraba au ipinduke kama ukurasa. Maandishi usoni mwa mtu, marufuku. Enzi za TV za chogo nilikuwa naacha na ukingo pande zote, maana zile zilikuwa zinakula pembezoni mwa picha, na aliyesimama mwisho wa mstari alikuwa akipoteza bega. Zilipokuja TV bapa tukapata ugonjwa mwingine: picha ya umbo la zamani inavutwa ijaze skrini, na Babu, mtu mwembamba maisha yake yote, akawa na mashavu.

Vijana watasema nagombana na maiti. Kweli, kompyuta nyingi mpya hazina pa kuingizia diski. Programu na diski nazo zimeondoka moja moja: Windows DVD Maker iliyokuja na Windows Vista haikufika Windows 8, Photodex waliokuwa wakitengeneza ProShow, programu ya slaidi, walifunga mwanzoni mwa 2020, Sony walisimamisha kutengeneza diski tupu za Blu-ray, zile zilizofuata DVD, Februari 2025. Sawa. Lakini angalia tunachofanya na simu. Mtu anachukua picha za msiba au za harusi, anaziunganisha kwa programu ya bure, anaweka wimbo, inatoka video ya wima ya nusu dakika ya kuweka status. Video inapita kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo nalo huzipunguza picha na video zikipita njia ya kawaida. Kisha simu inajaa, mtu anafuta picha na kubaki na video. “Si zimo humo?” Ni yale yale ya jubilei, ila vipepeo sasa vinameremeta.

Mwaka huu binti wa binamu yangu alipopata kipaimara, nilikwenda mwenyewe kwa mpiga picha kabla hajalipwa. Nikamwambia: slaidi tunaitaka, weka wimbo unaotaka. Lakini tunataka na picha zenyewe, faili kama zilivyotoka kwenye kamera, bila pambo, kwenye folda yake. Nakala moja kwenye flashi, moja kwenye hadi diski ya nyumbani, na moja uchome kwenye DVD, kasi ndogo, usibandike stika, na uijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya kutukabidhi. Akanitazama. “DVD, mzee? Nani ana deki siku hizi?”

Mjomba anayo.

Nilikwenda kwake Muheza baada ya arobaini, na lengo langu lilikuwa kuichukua nakala yake ya jubilei nione kama imekwaruzika kidogo kuliko ya Mama. “Shikamoo Mjomba, ile DVD ya Bibi ipo?” Akasema ipo, tena imo ndani ya deki. Haitoki mle. Akawasha. Ikaanza, na ile nyimbo ya kwaya, na vipepeo. Nikawa namweleza habari ya pikseli na ya stika, na kwamba angeniachia siku mbili ningeinakili. Hakujibu. Ilipofika dakika ya 11 akanyoosha rimoti bila kuiangalia, akabonyeza. Alama ya kitufe kile imeshafutika, panang’aa kama kokoto ya mtoni. Bibi akasimama pale na pengo lake, ukungu wote ule, na kipepeo kimoja kimekatwa bawa katikati ya kupepea.

Nikainuka nikaenda kumsaidia mkewe kuleta chai.