Mafunzo ya ndoa yana vichekesho tele, filamu ndiyo haikuviona
Kuna mwandishi anadai eti License to Wed, filamu ya vichekesho ya 2007 kuhusu mchungaji anayewafundisha wachumba kabla ya ndoa, haikuchekesha kwa sababu mafunzo ya wachumba hayana cha kuchekesha. Hapo kateleza. Mimi na mwenzangu tulikaa wiki sita kwenye mabenchi ya ukumbi wa usharika, na sijawahi kubana kicheko kama siku zile. Mwinjilisti aliuliza nani atashika pesa ya matumizi. Kaka mmoja akajibu "mimi" kwa sauti, mchumba wake akafunga daftari taratibu, akachukua mkoba wake akauweka katikati yao. Hakusema neno. Ukumbi mzima tuliinamisha vichwa. Hiyo ndiyo komedi! Filamu yenyewe imemwachia mwigizaji Robin Williams kila kitu: yeye ndiye Mchungaji Frank, anawategea wachumba kinasa sauti nyumbani, anamwendeshesha gari bibi harusi kafungwa kitambaa machoni, anawabebesha mapacha wa roboti mpaka dukani. Ben, bwana harusi, alipoanza kumpigiza mmoja wa hao watoto wa roboti mbele ya wateja, mimi nikatazama saa. Yeye na mchumba wake Sadie hawapewi hata dakika tano za kubishana kuhusu mshahara, wakwe au idadi ya watoto. Halafu mchungaji wa kutega vinasa sauti, kwetu wazee wa kanisa wangemwita kabla ya tangazo la pili la ndoa. Nyie mliopitia mafunzo haya, swali gani liliwatoa jasho?