Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita, Nenda Usiku

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amepata kazi Kariakoo, hapa Dar es Salaam. Wiki ya kwanza tu dalali alishamtumia picha za chumba na sebule: vigae vinang'aa, dirisha la alumini, choo ndani, shilingi 80,000 kwa mwezi. Akanitumia mimi na swali moja: "Dada, nilipie?" Nikamjibu asitume hata mia mpaka tuongee. Tukaongea karibu saa nzima, na mengi niliyomwambia ndiyo haya.

Mimi niliwahi kukipenda chumba cha namna hiyohiyo. Nilikuwa Sinza, nalipa 200,000 kwa chumba kimoja. Nikasikia habari za Chanika, nikaenda Jumapili mchana, jua linawaka, barabara nyeupe, watoto wanacheza. Chumba na sebule 80,000. Hesabu niliyopiga ilikuwa nyepesi: naokoa 120,000 kila mwezi. Nikalipa miezi sita na ya dalali juu yake.

Mwezi wa pili ndipo nilipokaa na daftari. Kutoka Sinza kwenda kazini Posta, katikati ya jiji, nilikuwa natumia 1,200 kwa siku, kwenda na kurudi. Kutoka Chanika nilikuwa napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, jumla 3,000. Bodaboda ya asubuhi kutoka ndani hadi stendi 1,000, ya usiku 1,500. Hiyo ni 5,500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 143,000, wakati Sinza ilikuwa 31,200. Nauli peke yake ilikuwa imemeza 111,800 kati ya zile 120,000. Nilichokuwa naokoa ni shilingi 8,200. Na kwa hiyo 8,200 nilikuwa nimeongeza saa tatu barabarani kila siku, yaani saa 78 kwa mwezi.

Sisemi Chanika ni pabaya. Nina rafiki anafanya kazi Gongo la Mboto, anaishi Chanika, na hakuna mahali pangemfaa zaidi. Kila mtu na upande wake. Jiji hili lilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, miaka kumi kabla yake walikuwa 4,364,541, na hao milioni walioongezeka wengi wao hawakujibana katikati, wamekwenda pembeni: Chanika, Chamazi, Goba, Bunju, Kibamba, hadi Kibaha ambako tayari ni Mkoa wa Pwani. Kukaa mbali si kosa la mtu. Kosa ni kuchagua kwa kuangalia kodi peke yake, na kwenda kuangalia nyumba Jumapili mchana.

Nenda siku ya kazi. Lala kwa ndugu au rafiki wa upande huo, uamke saa 10:30 alfajiri, usimame kituoni na wenzako. Ndipo utawaona watu wanaogeuza na gari: wanapanda linaloenda kinyume na kwao, wanalipa nauli mara mbili, mradi wapate siti. Utaona wanaorusha mkoba dirishani kuwahi nafasi. Kama watu wa mtaa huo wanageuza kila siku, basi nauli yako nayo ihesabu mara mbili, maana mwezi wa tatu utachoka na utageuza.

Halafu rudi usiku. Hapa ndipo ninapotaka kila msichana anayehamia Dar anisikilize. Safari haiishi konda anapoita "mwisho wa gari". Inaishia mlangoni kwako, na kile kipande cha kutoka stendi hadi mlangoni ndicho kinachoamua kama mahali pana usalama au hapana. Changu kilikuwa dakika 25 kwa miguu, na katikati kulikuwa na bonde lenye daraja la magogo. Siku moja, saa 3 usiku, mvua imenyesha, bodaboda hakuna, nikaamua kutembea. Walikuwa vijana wawili. Wakachukua simu na pochi, na kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Hawakunipiga, nashukuru Mungu. Lakini mpaka leo nikisikia hatua za mtu nyuma yangu, nasimama pembeni apite kwanza.

Kesho yake nikawasimulia bodaboda wa stendi. Mmoja wao akaniambia, "Dada, kule bondeni usiku hata sisi hatupiti, tunazunguka." Walijua. Wote walijua. Mimi sikuwauliza.

Tangu siku hiyo, mtaa wowote naupima kwa swali moja kwa bodaboda wa pale: "Saa 3 usiku unanifikisha kwa shilingi ngapi?" Ukitajiwa bei ileile ya mchana, au imezidi kidogo, mtaa uko salama. Ikiwa mara mbili, uliza kwa nini. Akikwambia usiku haendi, shukuru, panda gari urudi ulikotoka, hata kama chumba kina vigae vya namna gani. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja na mwenye nyumba anataka mpangaji, lakini bodaboda roho anayoihatarisha ni yake, hana sababu ya kukupamba.

Baada ya hapo muone mjumbe wa mtaa. Watu wengi wanakwenda kwa mjumbe siku ya kuhitaji barua tu. Nenda kabla, msalimie, muulize kama ulinzi shirikishi unafanya kazi, wanachangishana kiasi gani, na mara ya mwisho nyumba kuvunjwa ilikuwa lini. Nilipokuwa natafuta Kibamba, mjumbe mmoja, mama mtu mzima, alinisikiliza hadi mwisho kisha akanishika mkono akanitoa uani. Akanionyesha mstari wa rangi ya udongo kwenye ukuta wa jirani, juu ya goti. "Mwanangu, hayo ni maji ya masika. Nyumba unayoonyeshwa iko chini ya hapa." Dalali alikuwa amesimama pembeni, kimya. Mama yule sitamsahau.

Maji ya mvua tunayachukulia kama habari za bonde la Jangwani tu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa mabondeni hadi Mabwepande, na tunayakumbuka kama jambo la mjini. Lakini Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, pembeni kabisa, na viwanja vingi vya bei nafuu huko pembeni viko kwenye vibonde vinavyoulisha mto huo na mito mingine midogo. Bei inashuka kadiri unavyoteremka. Kabla hujasema umepata rahisi, angalia umesimama juu au chini.

Na ukipata nyumba inayotazamana na barabara kuu, uliza mpaka wa hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kutoka Kimara kuelekea Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na hifadhi ilipimwa mita 121.5 kila upande. Usije ukawa umelipa mwaka mzima halafu nyumba ikabomolewa.

Kuhusu reli mpya nina neno moja. Treni ya SGR ilianza kwenda Morogoro Juni 2024, na jina la Soga limekuwa tamu midomoni mwa wauza viwanja. Stesheni ipo kweli. Wewe chukua ratiba, tafuta treni itakayokufikisha mjini kabla ya saa ya kuingia kazini, na nyingine ya kukurudisha jioni, kila siku ya kazi. Ukishaziona zote mbili, ndipo uzungumze bei.

Kwa anayefanya kazi Posta, mimi bado naona Kigamboni haijapewa heshima yake. Kuna utulivu, sehemu kama Kibada zimepimwa vizuri na njia zimenyooka, na daraja lipo tangu 2016. Tatizo ni kivuko: siku kikisumbua, unazunguka mbali kupitia daraja hilo. Kama bosi wako havumilii kuchelewa, lifikirie hilo.

Mimi niliishia Kibamba. Nalipa 120,000, chumba na sebule, dakika tisa kwa miguu kutoka barabara kuu, na njia yote ina maduka. Wafanyakazi wa Hospitali ya Mloganzila wanapita usiku na alfajiri kwa sababu ya zamu zao, kwa hiyo njia haikauki watu. Hilo limenilinda kuliko geti. Taa ziko barabara kuu. Ukikata kuingia mtaani ni giza, na kinachotuangazia ni balbu za wenye maduka. Naumia nikiona mtaa umepimwa, watu wana hati, wanalipa kodi ya majengo kupitia LUKU ya umeme, na hakuna nguzo hata moja ya taa njiani. Wanaotoka Kariakoo saa 2 usiku na kufika saa 3 ni maelfu, na wengi ni wanawake. Taa kumi kutoka kituoni kuingia ndani zingebadilisha maisha yao.

Mdogo wangu hakulipia kile chumba. Jumanne iliyopita, saa 3 kasoro robo usiku, alinipigia akiwa Mbezi Luis, anaangalia kingine. Alikuwa ameuliza bodaboda watatu. Wawili walimtajia elfu moja. Wa tatu akamwambia, "Dada, pale hata ukitembea unafika, pita njia ya duka la dawa." Akaamua kutembea, mimi nikiwa hewani. Nilisikia redio ya kinyozi, nikasikia mtu anakaanga chipsi, nikasikia anasalimia, "Shikamoo mama," na sauti ya mtu mzima ikaitikia. Kisha geti.

"Dada, nimefika. Dakika kumi na moja."