Mkienda milimani wawili, siku za kwanza msikimbie

Kuna kitu kinanikera sana na hizi plani za safari watu wanatumiana kwa simu, ati Ijumaa jioni mtoke Nakuru, Jumamosi asubuhi Kabarnet, mchana Iten, usiku mlale Kitale, Jumapili muone Mlima Elgon halafu mrudi kupitia Kisumu mkule samaki. Jameni, hiyo ni ratiba ya lori la mizigo. Mtu na mpenzi wake wakifanya hivyo watafika Kisumu wakiwa wamenuniana, na hakuna mlima hata mmoja watakaokuwa wameuona vizuri.

Mimi na mume wangu tuko barabarani saa hii, tumetoka Nakuru tukapita Mogotio, Marigat, Kabarnet, na sasa niko Iten naandika hii nikiwa na sweta mbili na bado nasikia baridi. Msimamo wangu ni kwamba zile siku za kwanza za milima ziwe fupi kabisa, mwende kidogo, mfike mapema jua likiwa bado juu, mkule, mlale.

Angalia tu hiyo barabara yenyewe. Ukitoka Nakuru unashuka, unashuka, unapita ile alama ya ikweta pale Mogotio, unafika Marigat joto limeshika mpaka unafungua madirisha yote. Halafu ghafla unaanza kupanda milima ya Tugen mpaka Kabarnet huko karibu mita 2,000. Ukitoka Kabarnet unashuka tena Bonde la Kerio, chini kabisa mita 1,000 na kitu, kisha unapanda tena ule ukuta wa Elgeyo kupitia Tambach mpaka Iten, kama mita 2,400 juu. Kutoka Kabarnet mpaka Iten hata kilomita mia haifiki, lakini mwili umepigwa na joto ukapigwa na baridi, masikio yanaziba yanazibuka, na Iten ukipanda ngazi za gesti na begi mkononi pumzi inakwisha. Sasa mwili kama huo unauambia uendelee mpaka Kitale usiku wa nini?

Lakini kitu kikubwa kwangu si uchovu. Kitu kikubwa ni kwamba dereva haoni mlima. Anaona lami, anaona kona, anaona nduthi imebeba magunia, basi. Yule wa kando ndiye anasema woi angalia kule, na dereva hawezi angalia kule. Wanandoa wengi nawaona hivi, mwanaume anashika usukani kutoka mlangoni mpaka mwisho wa safari kwa sababu gari ni lake ama kwa sababu ndivyo alivyozoea, mkewe anaona nchi nzima, yeye anarudi nyumbani na maumivu ya mgongo. Mnapendana, basi mpokezane. Na kupokezana kunataka muda, kunataka msimame mara kwa mara, ndio maana nasema msikimbie.

Sisi kutoka Kabarnet kushuka Kerio nilishika mimi. Mume wangu aliniambia kitu kimoja tu, "Mama, tumia gia, breki ziache zipumzike," akanyamaza akaangalia bonde. Na hiyo ni ya kushika kabisa kwa yeyote anayekuja huku: unashuka na gia ndogo, ya pili hivi, injini ndiyo inazuia gari, breki unagusa tu ukikaribia kona kisha unaachilia. Ukikanyaga breki njia yote zinapata moto na zikipata moto sana hazishiki. Mbele yetu kulikuwa na pikapu imebeba mbao, tukaanza kusikia ile harufu kama ya mpira unaoungua, halafu moshi mwembamba ukaonekana gurudumu la nyuma. Dereva alikuwa na akili, akatoka kando, vijana wakaruka chini haraka wakaweka mawe kwenye magurudumu. Hawakumwaga maji, walingoja tu zipoe zenyewe, maana ukimwagia maji chuma chenye moto hivyo kinaweza pasuka. Tuliwasalimia tukaendelea polepole.

Tukikimbia tungekosa pia yule mama wa asali njiani kabla ya Marigat. Mume wangu alitaka kununua tu tuende, mama akamwambia, "Ngoja baba, asali hainunuliwi hivyo," akageuza chupa juu chini tukaangalia kile kipovu cha hewa kikipanda pole pole sana, akasema kikipanda mbio jua imetiwa maji. Akatuonjesha kwa kijiti. Tulinunua chupa mbili.

Na hii milima ya Tugen watu wanapita tu kana kwamba ni vilima vya kawaida. Ni huku mwaka 2000 walipata mifupa ya Orrorin tugenensis, kiumbe cha miaka kama milioni sita anayehesabiwa kati ya mababu wa zamani kabisa wa binadamu, na mfupa wa paja ndio uliwafanya wataalamu waseme huenda alitembea kwa miguu miwili. Tulisimama mahali tukaangalia tu yale matabaka ya udongo. Nilipenda sana kusimama pale na mtu ninayempenda.

Cheploch, pale Mto Kerio unapojibana katikati ya miamba, simameni. Vijana wanaruka majini kutoka juu sana na wanaijua kazi yao. Wapeni pesa. Ni kazi ile, na ni ya hatari, sioni kwa nini mtu achukue video halafu apandishe dirisha.

Usiku msiendeshe, hapo sibishani na mtu. Huku juu ukungu unashuka, ng'ombe wako barabarani, malori mengine hayana taa za nyuma. Mvua ikiwa nyingi ulizeni wenyeji kwanza, maana ardhi huku inaporomoka kweli, Novemba 2019 West Pokot watu zaidi ya arobaini walikufa usiku mmoja. Na sehemu za chini za bonde kuna wakati wizi wa mifugo unaleta shida, kwa hivyo kabla ya kuacha barabara kuu ulizeni tena.

Iten nayo inataka asubuhi yenu nzima. Amkeni kumi na mbili, simameni kando ya ile barabara ya murram, mtaona vikundi vya wakimbiaji vinapita, hakuna kelele, viatu tu na pumzi. Hapa ndipo Brother Colm O'Connell kutoka Ireland alikuja kufundisha shule ya St Patrick's mwaka 1976, na David Rudisha, yule mkimbiaji aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 kule London 2012 ni mkono wake. Mkiwa na gari punguzeni mwendo mkiwakaribia, vumbi la gari lako linaingia kwenye mapafu ya mtu anayetafuta riziki yake.

Mtu ataniuliza pesa. Ndiyo, kulala njiani ni gharama, lakini gesti za Kabarnet na Iten si bei ya Mombasa pwani, na mkila hoteli za kawaida, chapati, maharagwe, mursik (maziwa lala ya Wakalenjin) kama mmeizoea, hamtaumia. Kila siku mnakwenda mwendo mfupi tu, kwa hivyo petroli nayo haiishi mbio.

Kesho hatuendi popote. Keshokutwa tunaingia Cherangani kupitia Kapsowar, yeye ndiye ataanza kuangalia milima, mimi nashika usukani.